Wembe wa kufumulia

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, ana atelie ya kushona huku Birere: chumba kimoja cha mbao, mabati juu, mawe meusi ya volkano chini, kama nusu ya nyumba za Goma. Ndani mna mashini tatu za kukanyaga, meza ya kukatia, na ukutani, kwenye msumari ambao mtu mwingine angetundika kalenda, kunaning'inia nusu wembe iliyofungwa uzi mwekundu. Huo ni wembe wa kufumulia. Wasichana anaowafundisha hawauombi. Mtu akiona mshono umekwenda kombo anasimama, anauchukua, anarudi kukaa.

Nina miaka kumi na minne ya kufundisha hesabu sekondari. Darasani kwangu hakukuwa na kitu kinachofanana na wembe ule.

Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, shule zilifungwa. Walimu tukakaa nyumbani tukisikiliza redio na kupima kwa macho mchele uliobaki. Mitaa ilipotulia kidogo nikaanza kwenda kushinda kwa yaya, kwanza kwa sababu pale palikuwa na watu wa kuongea nao, na pili, nisifiche, kwa sababu mchana alikuwa anapika. Benki zilikuwa zimefungwa, pesa haionekani, wateja wa kuhesabu kwa vidole. Kwa hiyo yeye alipata muda wa kufundisha kuliko siku zote, nami nikapata muda wa kumtazama mtu mwingine akifundisha. Mwalimu hapati bahati hiyo mara nyingi.

Siku hizo alikuwa na msichana mpya. Wiki ya kwanza hakushika kitu. Alikaa kwenye kigoda akitazama mikono ya wenzake, akiokota uzi sakafuni. Wiki ya pili akapewa mashini isiyo na uzi na kipande cha mfuko wa sementi kilichochorwa mistari kwa kalamu. Anakanyaga, sindano inatoboa karatasi juu ya mstari, basi. Akimaliza, yaya anaipokea na kuinua ile karatasi mlangoni kwenye mwanga, na matundu yanaonekana moja moja: hapa yamenyooka, hapa yamebanana, hapa yamekimbia nje kabisa kama mtu aliyekwepa moto, yaani pikipiki, barabarani.

Nilitegemea amwambie kosa. Badala yake aliuliza, "Mguu ulikuwa wapi hapa?"

Msichana akaangalia. "Nilikanyaga kwa nguvu."

"Na macho?"

"Nilitazama sindano."

"Usitazame sindano. Tazama mbele yake, mahali mstari unakokwenda." Akampa karatasi nyingine.

Siku nyingine yule wa pili, ambaye tayari alikuwa anashona nguo za watu, aliweka mkono wa libaya, ile blauzi ya kitenge, nje ndani. Kikwembe cha mteja, na cha bei. Uso ukamshuka. Yaya akanyoosha kidole kwenye msumari: "Fumua, mama." Wakati yule msichana anakata uzi mmoja mmoja, yaya akaanza kusimulia jinsi libaya yake ya kwanza ilivyotoka na mikono miwili ya kushoto, na mwenyewe alivyoipiga pasi, akaikunja vizuri na kumpelekea mteja bila kugundua. Wakacheka mpaka jirani wa simu akachungulia.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Bandura, mwanasaikolojia aliyesema kwamba mtu hujifunza kwa kutazama wengine.

Huku wengi wetu tuliopita chuo cha ualimu tunamjua Albert Bandura kama sentensi. Unaikariri, unaiandika siku ya mtihani, unapewa alama zako, mnaagana. Ila mtu mwenyewe ana historia. Alizaliwa mwaka 1925 Mundare, kijiji cha mkoa wa Alberta huko Kanada. Sekondari aliyosoma ilikuwa na walimu wawili kwa masomo yote, wanafunzi wakalazimika kujisomesha sehemu kubwa. Nilipolisoma hilo nilisema moyoni: huyu angeishi vijijini kwetu Masisi bila shida. Baadaye akafundisha Chuo Kikuu cha Stanford kuanzia 1953, na akafariki Julai 2021 akiwa na miaka 95.

Jaribio lililomtangaza ni la mwaka 1961. Watoto 72 wa shule ya chekechea. Baadhi wakamwona mtu mzima akilipiga mateke na nyundo lisanamu la plastiki lililojazwa hewa, wengine wakamwona mtu mzima akicheza kimya, wengine hawakuonyeshwa mtu. Walipoachwa na vitu vya kuchezea, wale walioona mapigo waliyarudia, wengine neno kwa neno na teke kwa teke. Hakuna aliyewafundisha wala kuwapa pipi. Walitazama tu. Siku zile nadharia iliyotawala ilidai kwamba mtu hujifunza kwa kutuzwa na kuadhibiwa, kwa hiyo jambo hili lilikuwa mchanga kwenye wali.

Kuna jaribio lake lingine la 1965 ambalo naliona zito zaidi. Watoto waliomwona yule mpigaji akikaripiwa waliiga kidogo. Lakini walipoahidiwa zawadi wakionyesha walichokiona, wakayatoa yote. Walikuwa wameshajifunza, wameyahifadhi tu. Mwezi ule wa Februari, kwenye kichochoro cha nyuma ya atelie, watoto walikuwa wamefunga kamba kutoka nguzo hadi nguzo wakicheza barière, kizuizi cha barabarani. Mmoja na fimbo begani, mwingine na kiti, wa tatu ananyoosha mkono: "Papa, acha kitu ya maji." Sauti ileile, hata kile kichwa kilichoinamishwa pembeni. Walikuwa na umri wa miaka sita, saba. Nilitoa faranga mia moja nikapita, na sikucheka.

Tuliache hilo. Nilitaka kusema habari za hesabu.

Mwaka 1977 Bandura alileta wazo ambalo Kiswahili kinalipa tabu. Ukiliita kujiamini umepoteza nusu yake, maana kujiamini kwetu ni tabia ya mtu: fulani anajiamini, anatembea kifua mbele. Yeye alizungumzia imani kwamba ninaweza kufanya jambo hili, hapa, katika hali hii. Mtu mmoja anakuwa nayo kwa jambo moja na kuikosa kwa jingine lililo jirani. Niliwahi kuwa na mwanafunzi ambaye jioni alimsaidia mama yake kuuza parachichi sokoni. Mteja anatoa dola tano, anataka parachichi za faranga za Kongo, na chenji anaitaka nusu kwa faranga za Rwanda kwa sababu anavuka mpaka. Binti anamjibu kabla sijamaliza kutoa simu yangu mfukoni. Asubuhi yake, darasani, nikimpa uwiano wa mstari mmoja ananiambia, "Prof, mimi hesabu haziniingii." Nami miaka yote dawa yangu ilikuwa ileile: "Jikaze, utaweza."

Bandura alitaja chemchemi nne za imani hiyo ya kuweza. Ya kwanza na yenye nguvu ni kuwa umeshawahi kulifanya jambo likakubali. Ya pili, kumwona mtu unayefanana naye akilifanya. Ya tatu ni maneno ya watu, na ya nne ni namna unavyousoma mwili wako: moyo ukidunda unasema ni woga au unasema nimechangamka. "Jikaze utaweza" yangu ilikuwa chemchemi ya tatu, na nilikuwa nikichota hiyo hiyo kila siku. Maneno matupu hufutwa na sifuri ya intero, lile jaribio fupi la darasani, inayofuata.

Kuhusu ile ya kwanza, mwaka 1981 yeye na Dale Schunk walichukua watoto waliokuwa wameshindwa na kuchoshwa na hesabu, wakawapa vitabu vya hesabu za kutoa vya kujifundishia wenyewe. Kurasa 42, vipindi saba. Kundi moja liliambiwa lijiwekee lengo la kurasa sita kila kipindi, kundi lingine limalize zote 42 mwishoni mwa kipindi cha saba. Piga hesabu, kazi ni ileile. Waliokuwa na lengo la karibu walijua kutoa vizuri zaidi, waliamini zaidi kwamba wanaweza, na wakaanza kuipenda ile kazi. Halafu fikiria tunavyowaambia finalisti wetu, wale wa mwaka wa mwisho, tangu Septemba: egzeta, egzeta, egzeta, yaani mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Lengo moja, liko mbali kama kilele cha Nyiragongo siku ya ukungu, na siku likifika litapimwa kwa siku nne za kuchagua majibu. Ukipata asilimia 50 unamwagiwa poda kichwani na mtaa mzima unapiga kelele. Naipenda poda ile, nimemwagiwa pia. Lakini miezi kumi ni mirefu kwa mtoto ambaye hajui Jumanne hii amesogea au hajasogea.

Chemchemi ya pili ndiyo iliyonikamata shingo. Schunk na mwenzake, mwaka 1985, waliwaonyesha picha za video watoto waliokuwa wakishindwa hesabu za kutoa kwa kukopa. Wengine wakamwona mwalimu akikokotoa, wengine wakamwona mtoto mwenzao. Mtoto mwenzao aliwasaidia zaidi. Mwaka 1987 wakarudia kwa hesabu za sehemu, safari hii wakilinganisha mtoto anayepata kila kitu papo hapo na mtoto anayejikwaa, anayesema hili gumu, anayerudi nyuma na kupata pole pole. Anayejikwaa ndiye aliyewainua wenzake.

Watanzania watakumbuka mchezo wa redio Twende na Wakati, ulioanza mwaka 1993. Watungaji wake walijenga juu ya nadharia hii hii. Palikuwa na Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na palikuwa na Tunu, mkewe, aliyeanza akiwa mnyonge wa kuvumilia yote na akasimama taratibu, akaanzisha biashara yake. Tunu hakuingia hewani akiwa shujaa. Wasikilizaji walimwona anavyobadilika.

Mimi darasani nilikuwa mtu gani? Nilikuwa na daftari. Mazoezi yote nimeyatatua nyumbani, usiku, kwa tochi umeme ukikatika. Nikifika nayanakili ubaoni kwa mwandiko safi, mstari chini ya mstari, jibu nalipigia mistari miwili. Wanafunzi wanaandika. Kwa macho yao hesabu ni kitu kinachotoka ndani ya mtu mmoja kikiwa kimeshaiva. Mikono yangu miwili ya kushoto hawajawahi kuiona.

Shule zilipofunguliwa, wiki chache baadaye, mvua ilinikamata juu ya moto kati ya Ndosho na shule. Daftari likalowa, wino wote ukawa bahari. Nikaingia darasa la mwaka wa nne na chaki peke yake, nikaandika zoezi la kichwani: kipeuo cha pili cha (x jumlisha 6) ni sawa na x. Rasini, kama tunavyosema darasani. Tafuta x.

Jambo jepesi. Pandisha pande zote kwa kipeo cha pili: x jumlisha 6 ni sawa na x mara x. Hamisha, changanua, unapata (x toa 3) mara (x jumlisha 2) ni sifuri. Kwa hiyo x ni 3 au x ni hasi 2. Mistari miwili chini ya jibu. Nikawa nafuta mikono.

"Prof, hasi mbili inakataa."

Alikuwa kijana wa nyuma ambaye huwa haongei. Nikamwambia arudie kuhesabu. Akasema amerudia: hasi 2 jumlisha 6 ni 4, rasini ya 4 ni 2, na 2 si hasi 2. Nikageuka ubaoni. Nilijua sababu yake, nimeifundisha mara nyingi, ila siku ile mvua, usiku wa risasi za mbali, sijui nini, kichwa kilikuwa cheupe. Nikasimama. Darasa likanyamaza ukimya ule wa kumsubiri mwalimu akasirike.

Nikasema, "Tufumue."

Neno lilitoka lenyewe. Nikachukua kifutio, nikaanza chini kwenda juu. Mstari wa mwisho, unafuata kweli kutoka kwa wa juu yake? Unafuata. Huu? Unafuata. Tukapanda hadi ule wa pili, mahali nilipopandisha kwa kipeo. Msichana mmoja akasema, kwa sauti ya mtu asiye na uhakika, kwamba 2 na hasi 2 ukizipandisha zote zinakuwa 4, kwa hiyo pale "zinafanana kwa uongo." Ndiyo hiyo. Kupandisha kunafuta alama, mgeni anaingia bila hodi, na lazima mwishoni urudi mlangoni kumkagua. Katika vitabu kuna jina zuri la jambo hilo. Wao wakaliita mgeni wa hasi, na hadi leo katika darasa lile ukisikia mtu anasema "umekagua mgeni?" ujue ni hesabu.

Kengele ilipolia tulikuwa tumefanya zoezi moja. Ratiba ilitaka matano.

Barry Zimmerman, profesa wa New York aliyeichukua kazi ya Bandura na kuipeleka kwenye kusoma, alisema anayejiongoza katika masomo huzunguka awamu tatu: kabla, wakati na baada. Kabla, unachambua kazi na kujiwekea lengo. Wakati wa kazi unajisimamia na kujitazama. Baadaye unajipima, unatafuta sababu, na sababu uliyoipata ndiyo inayoanzisha mzunguko unaofuata. Mwaka 1986, pamoja na Manuel Martinez-Pons, aliwahoji wanafunzi 40 wa mkondo wa wanaofanya vizuri na 40 wa mkondo wa chini: ukiwa nyumbani unasomaje, ukikwama unafanyaje, unajiandaaje. Kwa majibu hayo peke yake waliweza kubashiri mwanafunzi yuko mkondo gani, asilimia 93 wakapatia.

Yaya hajamsoma Zimmerman. Lakini kwake anayepima na kukata harakaharaka anarudishwa kwenye tepi, anayeshona anaulizwa mguu, na nguo ikikataa begani kuna msumari na wembe. Shule zetu zina ile awamu ya katikati tu. Intero inarudi na nyekundu juu yake, 4 kwa 10, mtoto anaikunja mara nne na kuitia mfuko wa nyuma wa suruali ya bulu. Hiyo nguo haitafumuliwa kamwe. Na sababu anayoipata ni ileile moja: haziniingii. Zimmerman anaonya kuhusu hilo hasa, kwamba anayesema sina kipaji hana la kufanya kesho, na anayesema nimeruka kukagua analo.

Kwa hiyo nikaanzisha saa ya kufumua. Kila Ijumaa intero zinarudi bila alama, nimeweka nukta tu pembeni mwa mstari ulioyumba. Mwanafunzi anaandika chini yake mguu ulikuwa wapi. Alama anapewa baadaye. Mwezi wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Waliandika "nimekosea, samahani Prof," wengine "shetani," mmoja akaandika "njaa," na sikuwa na la kumjibu. Mzazi mmoja alikuja kuuliza kama nimechoka kufundisha, maana mtoto wake anasema siku hizi Prof anauliza tu. Prefe, mkuu wa shule, aliniita mara mbili kuhusu programu. Hana makosa: tuko nyuma sura mbili, na egzeta haingoji mtu afumue.

Yule wa "njaa" bado ananikaa. Watu wanaposimulia nadharia hii wanamfanya mwanafunzi ajibebe mwenyewe kama chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, yenye magunia ya watu sita: jiwekee malengo, jisimamie, jipime. Bandura hakusema hivyo. Alisema mambo matatu yanasukumana pande zote: mtu na mawazo yake, matendo yake, na mazingira yake. Mazingira ya Goma yanasukuma kwa bega. Mtoto anayetoka saa kumi alfajiri kutafuta maji na bidoni mbili hajaikosa awamu ya kupanga. Ameshapanga, tena vizuri, ila mpango wake ni wa maji. Nilichoweza kufanya ni kidogo: Ijumaa nikaihamishia asubuhi kabla hawajachoka, na kazi ya nyumbani nikaipunguza hadi mazoezi mawili, ambayo mtu anaweza kuyamaliza jua likiwa bado lipo.

Siwezi kusema alama zimepanda. Kidogo, kwa baadhi, na mwaka wenyewe ulikuwa wa ajabu mno kwa kulinganisha. Ninachoona ni maandishi ya pembeni yanavyobadilika. Binti wa parachichi aliandika hivi mwezi uliopita: "Hapa nilijua, nikafuta kwa sababu jirani alikuwa na jibu lingine. Nihesabu kama sokoni, sokoni siangalii jirani." Karatasi hiyo nilimwomba niinakili.

Jumamosi iliyopita nilipita Birere. Yaya alikuwa anasubiri mteja, nikamwambia anipe mashini na mimi. Akanipa karatasi ya sementi yenye mstari mmoja ulionyooka, mrefu kama mkono. Wasichana wakaacha kazi kutazama. Nilikanyaga kwa utaratibu kabisa, nilivyodhani. Nilipomaliza akaichukua, akaiinua mlangoni. Matundu yalianza vizuri, yakaenda vizuri hadi katikati, halafu yakachukua njia yao kuelekea ziwani.

"Mguu ulikuwa wapi hapa, Prof?"

Nikamwambia sijui. Akanipa karatasi nyingine.